Kopi ya Cheti Si Karatasi ya Karanga

Hotuba hii kuhusu kutunza taarifa za wateja ilitolewa Mwanza mbele ya wenye steshenari, mawakala wa pesa kwa simu, makarani wa vyama vya akiba na mikopo na wafanyakazi wa nyumba za kulala wageni. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao kazi haikuwaruhusu kufika.

Mwangaluka!

Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu vijana, asanteni kwa kufunga maduka mkaja. Saa moja ya dirisha kufungwa ni hela, hasa kipindi hiki wanafunzi wamejaa na maombi ya Bodi ya Mikopo. Kwa hiyo nitasema yale yanayogusa meza zenu, na nitayataja kwa majina yake.

Nianze na swali. Ukinunua karanga pale stendi ya Nyegezi, zinafungwa kwenye nini? Karatasi. Ukishakula, ikunjue ile karatasi uisome. Upande mmoja mweupe, umelowa mafuta na chumvi. Upande wa pili ni cheti cha kuzaliwa: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, tarehe. Maandishi ya kushoto yamefifia kwa sababu tona ilikuwa inaisha. Ndiyo maana kopi ile ilikataliwa, ikatupwa kwenye boksi chini ya meza, na boksi lilipojaa likauzwa kwa kilo.

Nani alimpa muuza karanga cheti cha mtoto wa watu? Hakuna aliyempa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini cheti kimetembea kutoka Makoroboi mpaka Nyegezi, na mzazi wake hana habari.

Wazee wetu wana neno linalobeba jambo hili lote: amana. Jirani akikuachia mbuzi wake akavuka kwenda Ukerewe, mbuzi bado ni wake. Huchinji, huuzi, humkopeshi mwingine. Kitambulisho ulichopewa ukitoe kopi ni mbuzi yule yule. Umeachiwa kwa kazi moja, na kazi ikiisha kinarudi kwa mwenyewe, pamoja na vivuli vyake vyote. Kwa Kiswahili cha ofisini kopi inaitwa nakala kivuli, na kivuli huwa hakiachani na mwenyewe.

Sheria imekuja kusema hivyo hivyo. Katiba yetu, Ibara ya 16, ilishampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Kisha ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Na wenzetu tunaochangia nao maji haya, Kenya na Uganda, walishatunga za kwao mwaka 2019. Ziwa lote sasa limezungukwa. Mfanyabiashara wa dagaa akitoka Kisumu akaacha kopi ya pasipoti yake kwenye nyumba ya wageni Kirumba, karatasi ile ina sheria juu yake.

Wengine wananiuliza: mimi nina daftari tu, kompyuta sina, sheria hii inanihusu? Inakuhusu. Taarifa binafsi kwa mujibu wa sheria ni taarifa ya mtu anayeweza kutambulika, iliyohifadhiwa kwa namna yoyote. Kwa namna yoyote! Daftari limo, picha imo, rekodi ya sauti imo. Halafu kuna taarifa zinazoitwa nyeti, ambazo kwa kawaida zinataka ridhaa ya mwenyewe kwa maandishi. Humo mna afya, alama za vidole, dini na siasa za mtu. Na mna mambo mawili ambayo wengi hawayategemei: taarifa za watoto na miamala ya fedha. Kwa hiyo mwenye steshenari na wakala, tangu mnafungua mpaka mnafunga, mikononi mwenu mmeshika taarifa nyeti.

Sasa twende mezani.

Chukueni kijana wa kidato cha sita ametoka Nansio na meli ya asubuhi. Ana bahasha ya kaki, na ndani yake mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA na cheti cha kifo cha baba yake. Anataka kuomba mkopo. Karani ana foleni ya watu kumi na wawili, anataka kumsaidia haraka. Anamfungulia akaunti kwa barua pepe ya duka, anaweka nywila ile ile anayowawekea wote, anaskani karatasi zote, anazihifadhi kwenye uso wa kompyuta ndani ya folda inayoitwa SCAN MPYA 2. Kazi imekwisha, kijana amelipa, anawahi meli.

Baada ya wiki kadhaa mfumo unamtaka arekebishe kiambatisho kimoja. Taarifa inakwenda wapi? Kwenye barua pepe ya duka, katikati ya mamia ya barua. Hakuna anayeisoma. Kijana anakuja kuuliza, dirisha la maombi limeshafungwa, karani yule ameacha kazi, na nywila ameondoka nayo. Hakuna aliyemwibia, hakuna aliyemchukia, na mwaka wake wa chuo umekwenda.

Basi fanyeni hivi. Barua pepe iwe ya mteja, na kama hana, mfungulieni yake kwanza, kwa namba yake ya simu. Nywila aandike mwenyewe, nawe geuza uso. Aiandike kwenye karatasi yake, isiandikwe kwenye daftari lako. Brauza ikiuliza kama ihifadhi nywila, jibu ni hapana, kila mara. Na njia nzuri zaidi ni kumfungulia kila mteja dirisha la faragha: kwenye Chrome au Edge bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Ukilifunga, akaunti yake inatoka yenyewe na historia haibaki. Lakini mkumbuke, faili alizopakua hazifutiki na dirisha lile. Zinabaki Downloads.

Kwa ajili ya faili, tengenezeni folda moja tu, iitwe KAZI YA LEO. Kila skani iingie humo, na isiende kwingine. Jioni kabla ya kuzima mashine, ingia humo na ndani ya Downloads, chagua vyote, bonyeza Shift na Delete. Ukibonyeza Delete peke yake faili linahamia tu kwenye kapu la taka la kompyuta, na mteja wa kesho analiokota. Mteja akitaka umtunzie kazi yake, aombe mwenyewe, uandike mpaka lini, na siku ikifika ufute.

WhatsApp nayo ina mambo. Mteja anakutumia picha ya kitambulisho kwenye simu ya duka. Umeiprinti, umeifuta kwenye mazungumzo. Je, imefutika? Nenda kwenye galari ya simu uone. Simu nyingi zinahifadhi picha zenyewe, kwa hiyo kwenye mipangilio ya WhatsApp zima uhifadhi huo wa picha kwenye galari. Na mteja aliyefungua WhatsApp yake kwenye kompyuta yako, kabla hajaondoka mwambie afungue simu yake, aende kwenye vifaa vilivyounganishwa, aitoe kompyuta yako humo mbele ya macho yako. Bila hivyo unaweza kuendelea kusoma mazungumzo yake akiwa ameshafika Sengerema, hata kama hukutaka.

Nirudi kwenye kufuta, maana hapa ndipo wengi wanaumia. Faili lililofutwa halijaondoka. Kompyuta imefuta tu anwani yake, kama kung'oa kibao cha namba ya nyumba huku nyumba imesimama. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, mara nyingi fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili anaweza kulitoa. Hata kuformati kwa haraka mara nyingi hakuondoi. Kwa hiyo ukiuza kompyuta ya duka, diski usiiache humo. Itoe, au ifanyiwe ufutaji unaoandika upya diski nzima. Na mashine kubwa za fotokopi, zile zinazoskani na kuprinti pamoja, nyingi zina diski ndani yake kama kompyuta. Ukiiuza au ukiipeleka kwa fundi bila kufuta diski hiyo, huenda umeuza na vivuli vya wateja wako. Fundi akija, muulizeni swali hilo kabla hajashika bisibisi.

Zile kopi mbovu: zichomeni, au zikateni. Asiye na mashine ya kukatia karatasi achukue ndoo, azichane vipande vidogo, azimwagie maji, aziache zilale mpaka asubuhi, kisha azivuruge kwa mti. Ule uji hausomeki.

Mafundi wa kompyuta na simu, hapa nina maneno machache. Umepewa simu ubadilishe kioo, galari hukupewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki kuwa kosa, adhabu yake ni faini isiyopungua milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kukuta simu haina nywila si ruhusa. Mlango ulioegeshwa unabaki kuwa mlango wa mtu. Na wale wanaoweka Windows za wizi, mbali na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, angalieni jambo la kiufundi: vile vifunguzi vya bure vinakutaka uzime kwanza kinga ya virusi. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua, halafu jioni mteja anakuja kuskani hati ya kiwanja kwenye mashine hiyo hiyo.

Mawakala, zamu yenu.

Daftari lenu linakaa wapi? Linakaa wazi, dirishani, limegeuzwa kwa mteja ili asaini. Jina, namba ya simu, kiasi, saa, sahihi. Mistari thelathini kwa ukurasa. Mtu akisimama hapo kana kwamba anatafuta mtandao, picha moja ya simu inachukua kurasa mbili. Sasa fikirini mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni, ametoka kuweka laki tatu na nusu. Dakika kumi hazijapita simu inalia. Sauti ina adabu: "Mama, ulipoweka laki tatu na nusu saa nne na dakika ishirini kuna kosa limetokea, muamala umeshikwa." Jina lake wamelitaja sawa. Kiasi sawa. Saa sawa. Ataachaje kuamini? Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshauzoea, wengi wanaufuta. Lakini anayekutajia dakika uliyosimama dirishani, huyo anamshinda hata mtu mwerevu. Dakika ile hakuitoa hewani. Aliitoa kwenye daftari.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kata kipande cha kartoni ngumu kwa ukubwa wa ukurasa, toboa nafasi ya mstari mmoja katikati. Mteja akisaini anaona mstari wake peke yake, ya juu na ya chini imefunikwa. Akimaliza, daftari linafungwa na kurudi ndani. Andika yale tu ambayo kampuni yako inakutaka uandike. Kama halihitaji namba ya NIDA, usiandike namba ya NIDA. Daftari lililojaa lifungiwe kabatini, na muda wa kulitunza ukiisha liende kwenye ndoo pamoja na zile kopi.

Kisha kidole. Unasajili laini chini ya mwavuli, kijana anakwambia, "Weka tena, haijasoma." Unaweka. "Tena." Unaweka. Inawezekana kweli haikusoma, mikono ya wavuvi na wakulima ina sugu, na mashine zinasumbuka. Inawezekana pia kidole cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ndiyo itakayompigia yule mama wa Mwaloni. Polisi wakifuatilia, jina linalotokea ni lako. Kwa hiyo baada ya kusajili, usiondoke hapo. Piga *106#, itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Angalia za mtandao wako, kisha za mitandao yote. Ukiona namba usiyoitambua, nenda duka la kampuni hiyo na kitambulisho chako ifutwe. Na ujumbe wa kitapeli ukikufikia usiufute tu. Upeleke kwenda 15040, utajibiwa uandike namba iliyokutumia, nayo ishughulikiwe.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu nitapita haraka. Mnajua yale: umekopa elfu hamsini, umechelewa siku mbili, shemeji yako Geita, mwalimu wa mwanao na mchungaji wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Programu ilipata wapi namba zao? Uliipa siku ya kwanza, ulipobonyeza kubali kwenye ruhusa ya majina yaliyo kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kabla ya kukopa, angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na ruhusa ya majina usiitoe.

Sasa msije mkatoka hapa mkidhani sheria hii inasema tusiandike watu. Hapana. Kuna wakati kutoandika ndilo kosa, na mji huu unalijua hilo kuliko mji wowote.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikija Mwanza kutoka Bukoba kupitia Kemondo. Meli ilijengwa kwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mamia ya watu walikufa, na mpaka leo idadi yao kamili inabishaniwa. Nendeni makaburi ya Igoma muone maana ya jambo hilo. Mtu aliyekata tiketi ya bei ya chini alipanda bila jina, na familia yake ikabaki inauliza bandarini kama alipanda kweli au hakupanda.

Orodha ya abiria ni taarifa binafsi. Sheria inataka taarifa ikusanywe kwa sababu inayojulikana, iwe sahihi, na itosheleze kazi yake. Usahihi ni nusu ya amana! Wenye boti, wenye nyumba za wageni, makarani wa vyama: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu inayopatikana, na ya ndugu mmoja. Usiandike "Mama Neema" ukafunga kitabu. Na baada ya hapo usiulize kabila wala dini kwa sababu tu fomu ya zamani ilikuwa na nafasi hiyo. Futa nafasi hiyo kwenye fomu.

Jambo la mwisho ni kubwa, na ningeomba wenye maduka walioajiri vijana wanisikilize. Kompyuta inaweza kusema uongo bila mtu yeyote kuiambia iseme.

Shirika la posta la Uingereza mwaka 1999 lilianza kuweka kwenye matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Matawi mengi yalikuwa madogo, yakiendeshwa na watu wa kawaida kwenye vijiji na mitaa, sawa kabisa na mawakala wa hapa. Jioni wanafunga hesabu, mfumo unasema pesa zimepungua. Wakihesabu tena, bado zimepungua. Wanapiga simu kuuliza, wengi wakaambiwa tatizo hilo ni lako peke yako. Walilipa kutoka mifukoni, waliuza nyumba, walifungwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wapo waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikakubali kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Mahakama zilikuwa zinaanzia wapi? Zilianzia kwenye dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Mwenye tawi dogo angeonyesha kwa kitu gani, wakati kumbukumbu zote ziko kwa aliyemshtaki?

Kwa hiyo kijana wako wa dirishani akipungukiwa floti, yaani salio la kufanyia miamala, usianze kwa kumwita mwizi. Anza kwa kuchukua ujumbe wa kila muamala, namba yake ya kumbukumbu, mlinganishe mstari kwa mstari na daftari. Tafuta muamala uliokatika mtandao ukafanywa mara mbili, maana huo ndio unaopatikana mara nyingi. Na kijana naye, kila jioni aandike floti ya kufungulia, floti ya kufungia na fedha taslimu, wote wawili msaini. Sheria yetu inampa mtu haki ya kutotolewa uamuzi mzito kwa mashine peke yake, na haki ya kudai taarifa yake isiyo sahihi irekebishwe. Haki hizo anazo hata kijana unayemlipa kwa siku.

Nimalize na usajili. Sheria inasema mtu hatakusanya wala kuchakata taarifa binafsi bila kusajiliwa na Tume. Maombi yanafanyika kwa mtandao, na cheti kinadumu miaka 5. Mkisajili, mteueni mtu mmoja mwenye jina atakayeulizwa. Taarifa zikivuja, iwe simu ya duka imeibwa au daftari limepotea kwenye bodaboda, ripotini kwa Tume bila kuchelewa na mwaambie wateja waliohusika, ili wabadilishe nywila na wawe macho. Mkikaa kimya mnawaongezea matapeli muda. Anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote. Ikiwa ni kampuni, faini inafika hadi bilioni 5. Na mwananchi aliyeumizwa anapeleka malalamiko Tume, nayo inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90, ingawa inaweza kuongeza muda.

Tuliwaomba kwenye mwaliko mje na maboksi ya kopi mbovu kutoka chini ya meza zenu, na naona wengi mmekuja nayo. Asanteni sana. Pale mlangoni pana ndoo nne, mikasi na maji. Tutachana huku tunaendelea na maswali. Mama wa nyuma pale mwenye kanga ya bluu, nimeona mkono wako tangu mapema. Karibu.